Kizimba Chenye Mimea Kisigeuke Chungu cha Mvuke

Tangu kaskazi ilipoanza kupungua, zimefika mezani kwangu barua nne zinazouliza jambo moja kwa njia nne: unyevu wa hewa ndani ya vizimba vya wanyama watambaao vilivyopandwa mimea. Tatu zimetoka Malindi na moja Lamu, na nimeziweka pamoja kwa sababu jibu la moja linaikamilisha nyingine. Niseme mapema pia kwamba wanyama wa porini nchini Kenya wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na hawafugwi bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Walioniandikia wanafanya kazi mahali penye leseni au wanasubiri kibali kabla ya kumgusa mnyama yeyote, na ndiyo maana ninawajibu kwa moyo mweupe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninatunza vinyonga katika bustani ya wageni yenye leseni hapa Malindi. Mwezi uliopita fundi alitutengenezea kizimba kipya cha kioo chenye kimo cha sentimita 90, upana wa 60 na kina cha 60, na kifuniko cha mbao kilichotobolewa matundu manne. Tumepanda kangaga na ule mmea unaotambaa, wenye majani ya umbo la moyo. Niliambiwa kinyonga anataka unyevu wa asilimia 80, kwa hiyo ninanyunyizia maji mara tano kwa siku. Kioo hakikauki tangu asubuhi hadi jioni, udongo umeota kuvu nyeupe kama pamba, na tangu juzi jike mmoja anainua kichwa na kufunua kinywa, na ukimkaribia unasikia kama kitu kinapasuka kooni. Je, niongeze maji au nipunguze? (Mtunzaji, Malindi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya maji tumzungumze mnyama, kwa kuwa yeye hawezi kusubiri. Kinyonga hufunua kinywa kwa sababu mbili ambazo kwa macho zinafanana lakini kwa uzito ziko mbali kabisa. Akifunua adhuhuri chini ya taa, kisha akafumba baada ya kusogea kivulini, huyo anapunguza joto tu. Lakini akifunua alfajiri kabla taa haijawashwa, akawa ameinua pua juu kama anayeitafuta hewa, na ukasikia mlio wa kupasuka au ukaona povu kwenye pembe za mdomo, huyo ana maradhi ya njia ya hewa, na maelezo yako yananielekeza huko. Mtoe leo katika kizimba hicho, umweke peke yake katika tundu la wavu lenye tawi, kivuli na mahali pa kuota joto, na umfikishe kwa daktari wa mifugo bila kungoja wiki iishe. Usimpe vidonge vya binadamu vilivyobaki nyumbani, hata robo ya kidonge, kwa sababu dawa ya mnyama mdogo hivyo hupimwa kwa uzani wake, na anayepaswa kuichagua na kuipima ni daktari.

Sasa tuje kwenye kizimba. Asilimia 80 uliyoambiwa si uongo, ila ni nusu ya habari. Toka alfajiri moja, saa kumi na moja na nusu, ukaguse majani ya ua lolote la Malindi: utakuta yamelowa umande, na kama kuna kinyonga humo atakuwa amelala kwenye ncha ya kijiti, ngozi yake baridi na yenye majimaji. Rudi ua hilohilo saa nne asubuhi. Majani yamekauka, upepo wa bahari umeshapita, na kinyonga yuko upande wa jua. Hivyo ndivyo anavyoishi kila siku: unyevu unapanda usiku na kushuka mchana. Kwa kinyonga wa pwani yetu, yule mwenye vipande viwili vya ngozi kama masikio nyuma ya kichwa, mimi hulenga asilimia 45 hadi 60 mchana, na usiku huuacha unyevu upande mpaka 80 na hata zaidi, maadamu hewa inapita. Anachokosa kinyonga wako ni saa za kukauka, kwa hiyo kumwongezea maji ni kumwongezea maradhi.

Ili usije ukadanganywa na kipimo, fahamu pia kinachopimwa. Namba inayoonekana kwenye haigromita, yaani kile kipimo cha unyevu wa hewa, haielezi kuna maji kiasi gani hewani, bali inaeleza hewa imejaa kwa kiasi gani ikilinganishwa na mvuke wote ambao ingeweza kuubeba kwa joto lililopo, na hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko ya baridi. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 hubeba takriban gramu 17 za mvuke kabla ya kujaa, na ikifika nyuzi 30 hubeba takriban gramu 30. Chukua basi hewa ya alfajiri ya Julai, nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 85, uipashe kwa taa mpaka nyuzi 30 bila kuongeza wala kupunguza hata tone: haigromita itashuka chini ya asilimia 60. Mtunzaji akiiona namba hiyo hushtuka na kushika bomba la maji, hali hakuna maji yaliyopotea. Jioni taa inapozimwa, mvuke wote ule aliouongeza mchana hukosa pa kukaa, ukashuka na kuwa jasho kwenye kioo, kwenye majani, na katika pua ya mnyama.

Kasoro ya kizimba chenyewe iko kwenye matundu manne ya kifuniko. Hewa yenye joto na mvuke inataka kupanda na kutoka, lakini haiwezi kutoka ikiwa hakuna hewa nyingine inayoingia chini kuchukua nafasi yake. Wazee waliojenga nyumba za mawe za pwani hii waliijua siri hiyo vizuri, na ndiyo maana katikati ya nyumba wakaacha kiwanda, yaani ua mdogo wa ndani, kilicho wazi juu, hewa ya vyumbani ikapata njia ya kupandia. Mwite fundi aondoe kioo cha upande mmoja na cha mgongoni, aweke wavu mgumu ambao kucha za kinyonga hazitanasa. Au kama bajeti ni ndogo, akate ukanda wa sentimita 10 chini mbele, juu tu ya usawa wa udongo, auzibe kwa wavu, kisha kifuniko chote kiwe cha wavu badala ya mbao. Kwa kuwa kizimba kimo ndani ya nyumba na si uwanjani, ongeza feni ndogo ya kompyuta ya volti 12, uifunge juu ikivuta hewa nje polepole, na iwe inazunguka kwa muda wa robo saa kila baada ya kunyunyizia. Isimpulizie mnyama moja kwa moja. Na maadamu bado kuna kioo, kizimba hicho kisiguswe na jua la moja kwa moja hata kwa nusu saa, kwa sababu joto la ndani hupanda kwa kasi ya kuua, na faida aliyokuwa aipate kinyonga katika miale ya urujuanimno huzuiwa na kioo hichohicho.

Kunyunyizia kubaki mara mbili: mara moja alfajiri kabla ya taa, kwa dakika tatu au nne mfululizo hadi matone yaning'inie kwenye majani, na mara ya pili saa moja usiku taa zikishazimwa. Kinyonga kwa kawaida hayatambui maji yaliyotulia kwenye bakuli. Huyanywa matone yanayometameta kwenye jani, tena si ya sekunde moja, kwani huchukua muda kuyaangalia kwa jicho moja kabla ya kuutoa ulimi. Kwa hiyo mvua moja ndefu ya alfajiri humfaa kuliko manyunyu matano ya haraka ambayo yanalowesha kila kitu na kumwacha na kiu. Kipimo chako kiwe kinyesi chake: ile sehemu ngumu ya mkojo ikiwa nyeupe, amekunywa vya kutosha, ikiwa ya rangi ya chungwa na macho yameingia ndani, ana kiu. Saa nne asubuhi pitisha kidole juu ya majani ya kati. Yakiwa bado yamelowa, usiguse bomba jioni hiyo mpaka ujue hewa imekwama wapi.

Kuvu nyeupe kwenye udongo mpya isikutishe peke yake, kwani hutokea mara nyingi wiki za kwanza na hupungua yenyewe kizimba kinapoanza kupumua. Tandaza juu ya udongo majani makavu ya mti wa mkungu, uyaache yaoze taratibu, na uwaingize wale wadudu wadogo wa kijivu wenye magamba wanaokaa chini ya magogo yaliyooza, ambao hula kuvu, majani na kinyesi. Mimea nayo itakusaidia zaidi ya unavyodhani: sehemu kubwa sana ya maji yanayonywewa na mizizi hutoka tena kupitia majani kama mvuke, na kizimba chenye majani mengi hushika unyevu wake hata usiponyunyizia.

Nikupe na historia fupi, kwa kuwa ndiko kosa hili linakotoka. Takriban mwaka 1829 tabibu mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alizika kifukofuko cha nondo kwenye udongo ndani ya chupa iliyofungwa, akakuta kangaga limeota humo na kustawi bila kumwagiwa maji, na kutokana na chupa hiyo yakaja masanduku ya kioo yaliyosafirisha mimea hai hadi Australia kwa meli mwaka 1833. Sanduku lile lilikuwa neema kwa mmea, kwa sababu mvuke uliotoka kwenye majani uligonga kioo na kurudi kwenye mizizi. Halikukusudiwa kiumbe chenye mapafu. Mimi nililijua hilo kwa gharama: miaka mingi nyuma, nikiwa mtunzaji katika kituo chenye leseni, niliona kangaga zangu zinakauka kwa upepo wa kaskazi nikafunika juu ya kizimba kwa nailoni, na kangaga zikapendeza kweli. Kinyonga aliyekuwemo alikufa siku ya kumi na sita. Bado namkumbuka jinsi alivyokuwa akipanda kila asubuhi hadi kwenye kile kipembe kidogo nilichokuwa nimesahau kukiziba.

SWALI: Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa klabu ya wanyamapori katika shule moja ya hapa kisiwani Lamu. Tumeiandikia KWS kuomba idhini ya kuweka mijusi kafiri wachache kwa masomo, na tunaposubiri, watoto wamepanda kizimba. Chini tumeweka vipande vya matumbawe kutoka pwani, juu yake mchanga wa ufuoni, kisha makumbi ya nazi tuliyopewa na mama mmoja anayesokota kamba. Tunamwagia maji ya kisima. Mimea imeshika wiki tatu tu, kingo za majani zimeungua na kuwa za kahawia, na kioo kina madoa meupe yasiyotoka. Unyevu uko asilimia 75, kwa hiyo sielewi kwa nini mimea inakufa kwa kiu. (Mwalimu wa kike, Lamu)

JIBU: Waaleikumu salaam warahmatullah, dada yangu. Kwanza nakupongeza kwa dhati kwa kupanda kabla ya kuleta mnyama. Wengi hufanya kinyume, mnyama akaingia siku moja na mimea, na wote wawili wakateseka. Kizimba kinahitaji wiki sita au nane mizizi ishike, na kuchelewa kwa kibali kumewapa watoto wako nafasi hiyo bila wao kujua.

Mimea yako inakufa kwa kiu kweli, lakini ni kiu ya mtu aliyekunywa maji ya bahari. Umeingiza chumvi kwa njia nne kwa pamoja. Matumbawe na mchanga wa ufuoni vina chumvi, na juu ya hayo matumbawe ni chokaa, ambayo kangaga na mimea mingi ya kivulini haipendi mizizini. Maji ya visima vingi vya Lamu yana chumvi, ndiyo maana watu hutegemea maji matamu yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Na makumbi ndiyo yenye chumvi kuliko vyote, jambo ambalo wewe wa Lamu utalikumbuka mara nikilitaja: ili makumbi yalainike na kusokotwa kamba, kina mama huyafukia ufuoni kwa miezi mahali maji ya bahari yanapojaa na kupwa. Nyuzi zile zikitoka hapo zimenyonya bahari. Chumvi ikikaa kwenye udongo huyashika maji, mizizi ikashindwa kuyavuta ingawa udongo umelowa; na kadiri maji yanavyopaa kuwa mvuke, chumvi hubaki nyuma na kuongezeka wiki baada ya wiki. Madoa ya kwenye kioo ni chumvi na chokaa ileile ikijionyesha.

Fanyeni jaribio hili darasani. Tia kijiko kimoja cha maji ya kisima kwenye kisahani cheusi au kigae cha chungu kilichosafishwa, na kijiko cha maji ya mvua kwenye kingine, uviache juani mpaka vikauke. Kile cha kisima kitaacha duara jeupe, na watoto watakumbuka duara hilo kuliko maelezo yangu yote.

Kisha vunjeni kizimba, muanze upya. Chini wekeni kokoto ambazo si za matumbawe, au vipande vya vigae vya udongo na vyungu vilivyovunjika, kwa kimo cha sentimita 4 au 5, ili maji ya ziada yashuke na yasilaze mizizi majini. Juu ya tabaka hilo tandazeni kipande cha wavu wa mbu ili udongo usidondoke. Makumbi yanaweza kuokolewa, na ningependa myaokoe kwa sababu hakuna kitu cha pwani kinachoshika unyevu kama hayo: yaloweke kwenye ndoo ya maji matamu usiku kucha, yakamue, mwaga, rudia mara nne au tano, na kila mara lipimeni lile duara la kisahani kwa maji mliyoyakamua. Linapofifia, makumbi yako tayari. Yachanganyeni na udongo mweusi wa chini ya miti, si mchanga wa pwani. Gogo mliloliokota ufuoni, kama lipo, nalo lilowekwe hivyohivyo, na ukuni wa mkoko mkauache.

Maji ya kunyunyizia yawe ya mvua. Masika ndiyo haya. Tegeni mtungi chini ya bati, lakini mvua ya kwanza iacheni ipite ioshe vumbi la chumvi lililoletwa na upepo wa bahari juu ya paa. Mtungi ufunikwe kwa kitambaa, kwani maji yaliyotuama ni shamba la mbu. Katika mabirika ya nyumba za zamani za Lamu walitiwa visamaki wadogo wakala viluwiluwi vya mbu, na kama shule yenu ina birika basi desturi hiyo bado inafaa. Ndani ya kizimba nako msiruhusu maji yapande hadi kwenye udongo: bakizeni mpira mwembamba kwenye kona, ncha yake ifike chini kwenye kokoto, mpate kuyafyonza maji yaliyozidi.

Kuhusu mimea, anzeni na ile isiyosumbua. Ule mmea wa majani ya umbo la moyo ambao kina mama huutia kwenye chupa ya maji sebuleni hauna mpinzani, na katani mwitu yenye majani ya kusimama itawapa mijusi mahali pa kukimbilia. Kangaga ifuate baadaye, maji yakishatulia. Mjusi kafiri hahitaji hewa nzito kama ya msituni. Mnamwona kila jioni ukutani karibu na taa, akiishi katika hewa ileile mnayoivuta nyinyi, kwa hiyo upande mmoja wa kizimba uwe mkavu wenye magome ya mti yaliyosimamishwa, na upande wa pili uwe na unyevu, naye atachagua.

SWALI: Mwalimu, mimi ni msaidizi katika nyumba ya nyoka ya kuonyesha wageni, Malindi. Chatu wetu mchanga alijivua gamba Februari vipande vipande, na macho yake yamebaki na kitu kama kioo chenye vumbi. Mwenzangu anataka kukitoa kwa kibanio. Tumefunga feni kubwa chumbani kwa sababu ya joto la kaskazi. (Msaidizi, Malindi)

JIBU: Mwenzako aweke kibanio chini, tafadhali sana. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba jembamba lililo wazi, ambalo hutoka pamoja na ngozi nzima anapojivua, na ukilivuta kwa nguvu unaweza kuling'oa pamoja na lililo chini yake ukampofua. Lililobaki mara nyingi hutoka katika kujivua kunakofuata ikiwa hewa imerekebishwa. Likibaki tena mara ya pili, au jicho likivimba, hapo ni kazi ya daktari.

Nyoka mwenye afya katika hewa inayomfaa hulivua gamba lake likiwa zima, kutoka mdomoni hadi mkiani, limegeuka ndani nje kama soksi. Vipande ni dalili ya ukavu, na feni yenu ndiyo iliyoukausha ule upepo mkavu maradufu. Siku macho yanapogeuka ya kibluu yenye ukungu ndiyo siku ya kuchukua hatua, si baada ya gamba kukwama. Geuzeni feni isielekee vizimba, wekeni bakuli la maji analoweza kujikunja ndani yake, na mtengenezeeni sanduku la plastiki lenye tundu la kuingilia, ndani limejazwa makumbi yaliyooshwa na kukamuliwa hadi yasidondoshe tone. Ataingia mwenyewe. Mabaki yaliyokwama sasa yalainishwe kwa kumweka katika maji vuguvugu yasiyozidi kimo cha mwili wake kwa dakika 20, mtu akiwa pale muda wote, kisha apitishwe katika taulo lililolowa ili ngozi isuguliwe na mwendo wake mwenyewe. Angalieni zaidi ncha ya mkia, kwa kuwa pete ya ngozi kavu hapo hukaba damu. Ila msiloweshe sakafu yote ya kizimba kwa kudhani mnamsaidia: tumbo linalolala juu ya udongo uliolowa siku nzima hufanya malengelenge, nayo huoza.

SWALI: Nina haigromita mbili katika kizimba kimoja. Moja inasoma 62, nyingine 78. Niamini ipi? (Malindi)

JIBU: Usiamini hata moja kabla ya kuzipima kwa chumvi. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, ukijaze chumvi ya mezani, hii inayovunwa upande wa Gongoni na Marereni inatosha, kisha uidondoshee maji kidogokidogo mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Kiweke kifuniko hicho pamoja na haigromita zote mbili ndani ya mkebe wa plastiki unaofunga barabara, maji ya chumvi yasiziguse, uuache mahali pa kivuli penye joto lisilobadilika tangu jioni hadi asubuhi. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75, na hutulia hapo kila mara, iwe Malindi au kwingineko. Soma kabla ya kufungua. Iliyoonyesha 70 inapunguza tano, iliyoonyesha 82 inazidisha saba. Andika tofauti hiyo kwenye kipande cha plasta na ukibandike mgongoni mwa kila kimoja, kisha moja uitundike juu karibu na taa na nyingine chini karibu na udongo, kwa sababu hata vipimo viwili vya kweli havitasoma sawa katika sehemu hizo mbili.